Mafuriko ya Rufiji: maji yanayosubiriwa na maji yanayoogopwa

Mwezi Aprili mwaka 2024 maji ya Mto Rufiji yalitoka katika mkondo wake, yakaenea mashambani, kisha yakaingia majumbani katika maeneo ya Muhoro, Chumbi na vijiji vingine vya wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu ule wa El Niño zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 nchini, majeruhi 236, na madhara kwa kaya zaidi ya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000. Hesabu hiyo ilikuwa ya nchi nzima. Kwa upande wa Rufiji, mjadala ulijikusanya haraka katika swali moja: je, yale yalikuwa maji ya mvua au maji ya Bwawa la Julius Nyerere, bwawa la umeme lililojengwa juu zaidi kwenye mto huohuo? Wapo waliosema bwawa limefunguliwa likawafurikia wananchi, na Serikali ikajibu kwamba pasipo bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi.

Swali hilo ni halali na lina sehemu yake katika makala haya. Hata hivyo, anayeanza nalo huruka jambo ambalo wenyeji wa bonde hawaliruki, nalo ni kwamba mafuriko kwao hayakuwa ajali. Kwa vizazi vingi wamelima kwa kuyangoja. Mwaka ambao mto haukupanda nao ulikuwa mwaka wa shida, kwa kuwa mashamba ya bondeni yalikauka na maziwa ya samaki yakapungua maji. Kwa hiyo, ili kuelewa namna mafuriko yanavyoharibu, ni lazima kwanza kuelewa namna yanavyolisha, kwa sababu maji ni yaleyale.

Tuanze na yanakotoka. Bonde la Mto Rufiji lina eneo la takriban kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mto Kilombero hukusanya maji ya milima ya Udzungwa, Mahenge na nyanda za juu za Njombe. Luwegu hutoka kusini. Ruaha Mkuu hutoka Mbeya, Usangu na Iringa. Kilombero na Luwegu hukutana Shuguli na hapo ndipo jina la Rufiji linapoanza, kisha Ruaha Mkuu huungana nao kabla mto haujapita katika korongo ambako bwawa limejengwa. Ukubwa wa eneo usimdanganye mtu. Ruaha Mkuu hukinga mvua za karibu nusu ya bonde lote, lakini huchangia sehemu ndogo tu ya maji, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi unakopita ni kavu na maji yake mengi hutumika au hupotea njiani. Kilombero, wenye eneo lisilofika robo ya bonde, huleta zaidi ya nusu ya maji yote.

Kutokana na hali hiyo, mtu wa Muhoro anaweza kuona mto unapanda ilhali juu ya kichwa chake kumekucha na jua limewaka. Mvua za nyanda za juu huanza mwezi Novemba au Desemba na kuendelea kwa mfululizo hadi Aprili au Mei, wakati pwani ina vuli na masika yenye mapumziko katikati. Maji yanayofika bondeni Machi na Aprili, ambayo kwa kawaida ndiyo kilele cha mto, yamesafiri siku nyingi na kupita katika uwanda mpana wa Kilombero, ambako husambaa, hutulia na kutoka polepole. Utabiri wa mvua ya Utete, huko chini bondeni, hata ukiwa sahihi kabisa, haumwambii mkulima wa Utete mto utafanya nini. Anayehitaji kulijua hilo lazima apate habari za Ifakara na Mahenge, kule juu Kilombero.

Baada ya korongo, mto huingia katika nchi tambarare, ukatembea kwa kujipinda zaidi ya kilomita 150 hadi baharini. Hapa pana jambo la umbile la ardhi ambalo watu wengi wasioishi kando ya mto hawalitambui. Mto unaobeba tope hulitua kwanza pale unapopunguza kasi, yaani ukingoni. Mwaka baada ya mwaka ukingo huinuka, mpaka unakuwa juu kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Maji yakishaupita ukingo huo hushuka kwenye mabonde ya ndani na mabwawa ya asili, na mto unapopungua hayana njia nyepesi ya kurudi. Ndiyo maana mafuriko ya Rufiji hayafanani na yale ya mito mifupi ya milimani, ambayo huja kwa kishindo usiku mmoja na kuondoka asubuhi. Ya Rufiji huja taratibu, huenea, na hukaa kwa wiki kadhaa. Katika mafuriko ya namna hii muda wa kukaa huua mazao kuliko nguvu ya mkondo.

Wakulima wa bonde waliusoma utaratibu huo na kuujengea kalenda. Mahindi na mpunga vilipandwa kwa mvua za vuli. Mahindi yalitakiwa yakomae kabla maji hayajaingia, na mpunga ulitakiwa uwe umerefuka vya kutosha ili upande pamoja na maji. Maji yalipoondoka, kwa kawaida kuanzia Mei, ilianza mlau, yaani kilimo kinachofuata mafuriko: mkulima huyafuata maji yanavyorudi nyuma, akichimba mashimo katika tope lenye unyevu na kupanda mahindi, maboga, kunde na mboga, bila kungoja tone la mvua. Zao la mlau hukomaa kwa unyevu uliohifadhiwa ardhini na kwa rutuba ya tope jipya lisilohitaji mbolea ya dukani. Wakati huohuo maziwa yaliyo kandokando ya mto yalipokea maji mapya na samaki wapya, wakiwamo kambale na perege, ambao walikuwa kitoweo na fedha ya kaya wakati ghala limepungua.

Pamoja na kalenda hiyo kulikuwa na dungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, ambamo familia ililala ili kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori, nyani na ndege. Maji yalipopanda, watu waliendelea kuishi juu na mtumbwi ukafungwa chini. Yeyote anayedhani kwamba watu wa bonde walikaa hapo kwa kutojua hatari, na aitazame dungu kwanza. Hiyo ni nyumba ya mtu aliyeijua hatari, akaipimia kimo chake na kuijengea juu yake.

Kutokana na haya tunaweza kusema mafuriko yanageuka kuwa maafa kwa vipimo vitatu: yamekuja lini, yamepanda kimo gani, na yamekaa muda gani. Maji yanayoingia mwishoni mwa Machi, yakafika magotini na kuondoka Mei, ni baraka. Maji hayohayo yakiingia Januari, mahindi ya vuli yakiwa bado hayajabeba, yanamaliza msimu. Yakipanda haraka kuliko mpunga unavyoweza kurefuka, yanaufunika. Na mpunga uliofunikwa kabisa, wa mbegu nyingi zinazolimwa, hufa baada ya wiki moja au mbili. Yakichelewa kuondoka hadi Julai, mlau nayo inapungua au inakosekana, kwa kuwa mazao yatachelewa na ardhi ya juu itakauka kabla hayajakomaa.

Ubaya wa mwaka kama 2024 ni kwamba vipimo vyote vitatu vilivurugika kwa pamoja. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikwisha tangaza mapema, katika mwelekeo wa mvua za vuli za 2023, kuwapo kwa El Niño, na mvua zikanyesha nyingi toka vuli hadi masika bila mapumziko ya kutosha. Ardhi ilikuwa imeshiba. Mto ulikuwa juu kabla ya wakati wake. Kila mvua iliyoongezeka ikageuka kuwa maji yanayotembea, kwa kuwa hapakuwa tena na mahali pa kuyanywa.

Hasara ya kaya katika hali hiyo haimaliziki kwenye shamba lililozama, ingawa shamba ndilo linalopigwa picha. Mkulima mdogo wa bondeni huhifadhi mbegu nyumbani, darini au katika kihenge. Maji yakiingia ndani ya nyumba, anapoteza chakula cha mwaka huu na mbegu za mwaka ujao kwa siku moja, na hasara ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayomzuia kuitumia mlau maji yatakapotoka. Tope jipya linakuwa limeletwa mlangoni kwake, lenye unyevu na rutuba, naye hana cha kupanda. Dirisha la kupanda mlau ni la wiki chache tu. Msaada wa mbegu unaofika Agosti, hata uwe mwingi, umefika nje ya msimu.

Nyumba za miti na udongo huanguka kwa namna inayowashangaza wageni: baadhi haziangukii wakati maji yakiwa ndani, bali yanapotoka. Udongo wa chini ya ukuta umekwisha kulainika, na wakati maji yapo yalikuwa yakiusaidia ukuta kusimama kutoka pande zote mbili; yakiondoka, uzito wa paa unaushukia msingi usio na nguvu. Kwa hiyo familia zinazorudi mara tu maji yanapopungua hurudi katika saa ya hatari.

Vyoo vya shimo hujaa na kumwaga uchafu wake katika maji yaleyale yanayoingia kwenye visima vifupi. Kuhara hufuata, na kipindupindu huweza kufuata. Baada ya hapo, madimbwi yaliyobaki huwa mazalia ya mbu, na malaria hupanda wakati ambapo zahanati nyingine haifikiki isipokuwa kwa mtumbwi. Mamba na viboko, ambao kwa kawaida hubaki mtoni na maziwani, hufika mashambani na kwenye njia za watu, kwa kuwa kwao mto umepanuka tu. Mjamzito anayekaribia kujifungua, mtoto wa shule, mgonjwa anayemeza dawa za kila siku: kila mmoja anakuwa upande mmoja wa maji, na huduma anayoihitaji iko upande wa pili. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, liliwaondolea wasafiri wa barabara kuu adha ya kivuko, lakini barabara za vijijini zinazoshuka kutoka barabara hiyo bado ni za udongo, na hukatika.

Si kila tope ni rutuba pia. Maji yaliyotulia huacha tope laini linalopendwa na mimea. Pale ukingo ulipobomoka na mkondo ukapita kwa nguvu, kinachobaki ni mchanga, na shamba lililofunikwa kwa mchanga huweza kupoteza thamani yake kwa miaka. Alama za mipaka nazo hufukiwa, na majirani waliokuwa wakipakana kwa amani hujikuta mbele ya baraza la kijiji. Mto wenyewe huhama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mkondo mkuu ndani ya delta, yaani pale mto unapogawanyika vijito kuingia baharini, uliegemea upande wa kaskazini, na kilimo cha mpunga kikafuata maji baridi (yasiyo ya chumvi) huko, hadi ndani ya mikoko.

Jibu ambalo Serikali mbalimbali zimelitoa mara kwa mara ni kuwahamisha watu. Rufiji ina historia ndefu ya jibu hilo. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, wananchi wa bondeni walihamishiwa katika ardhi ya juu, hasa upande wa kaskazini wa mto, katika Operesheni Rufiji, ambayo ni miongoni mwa uhamishaji wa mwanzo kabisa wa enzi za vijiji vya ujamaa. Nia ya kuokoa maisha ilikuwa ya kweli, na shule, visima na zahanati vilikuwa rahisi kujengwa mahali ambapo watu wamekusanyika. Lakini ardhi ya juu ni ya kichanga. Inafaa mikorosho na mihogo, haifai mpunga wala mlau. Mashamba yalibaki bondeni, na makazi yakawa mbali nayo. Mtu aliyelala mbali na shamba hakuweza kulilinda dhidi ya nguruwe pori, kwa hiyo ama aliacha kulima bondeni au alirudi kukaa dunguni kwa miezi, nyumba ya kijijini ikabaki na wazee na watoto wanaosoma. Mafuriko makubwa yaliporudi mwaka 1974 yaliwakuta watu bondeni tena.

Kwa maoni yangu, funzo hilo halijatumika ipasavyo. Kila baada ya mafuriko husikika lawama kwamba wananchi ni wakaidi, wamepewa viwanja juu nao wanarudi chini. Kiwanja ni mahali pa kulala tu. Anayerudi chini anafuata mahali pa kula. Mpango wa kuhamisha watu ambao hauelezi namna watakavyolifikia, kulilinda na kulivuna shamba la bondeni utawarudisha watu bondeni, hata ungekuwa na amri kali kiasi gani.

Sasa turudi kwenye bwawa. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Lina uwezo wa kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 33, na mitambo yake tisa, kila mmoja wa megawati 235, ina uwezo wa kuzalisha jumla ya megawati 2,115. Kwa wastani wa miaka, maji yote ya mto hayafiki ujazo huo kwa mwaka mmoja. Akisikia takwimu hizo, mtu anaweza kuuliza kwa haki: chombo kinachoweza kumeza maji ya mwaka mzima kinawezaje kushindwa kuzuia mafuriko ya miezi miwili?

Jibu liko katika tofauti kati ya ukubwa wa chombo na nafasi iliyobaki ndani yake. Bwawa huzuia mafuriko kwa ile sehemu iliyo tupu peke yake. Likiwa na nafasi, maji mengi yanaingia, machache yanatoka, na kilele cha mafuriko kinakatwa. Likishajaa, kinachoingia lazima kitoke, ama kwa mitambo ama kwa milango ya kumwagia maji, na kuzuia zaidi ya hapo ni kuuhatarisha ukuta wenyewe. Msimu wa 2024 ulilikuta bwawa likikaribia kujaa, na mtambo wa kwanza ulikuwa umeanza kuzalisha umeme Februari mwaka huohuo, hivyo maji mengi hayakuwa na njia nyingine ya kupita zaidi ya milango. Kwa hiyo Serikali inaposema bwawa lilipunguza mafuriko, na mwananchi anaposema maji yaliyomfikia yalitoka bwawani, kauli hizo mbili zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja. Bwawa lilikuwa limeshikilia maji mengi, na bado yale yaliyolazimika kuachiwa yaliendelea kushuka kwa wiki nyingi juu ya ardhi iliyokwisha lowa.

Mvutano uliopo hapa hautakwisha kwa kubadilisha msemaji. Anayezalisha umeme anapenda bwawa liwe juu, kwa sababu kimo cha maji ndicho nguvu ya mitambo, na kwa sababu hajui kama mvua za mwaka ujao zitatosha. Anayetaka kuzuia mafuriko anapenda bwawa liwe limeshushwa kabla ya Desemba. Mkulima wa mlau ana hitaji la tatu, lisilofanana na hayo mawili: anataka maji yaje, ila kwa kiasi, Machi, kisha yaondoke. Bwawa moja haliwezi kuwaridhisha wote watatu kila mwaka, lakini linaweza kuendeshwa kwa ratiba inayowataja wote watatu, ambayo viwango vyake vinajulikana hadi ngazi ya kijiji.

Pia kuna athari ya pole pole isiyoonekana katika picha za nyumba zilizozama. Tope linalobebwa na mto hutua ndani ya bwawa, na maji yanayotoka chini ya ukuta yanakuwa safi kuliko mto ulivyozoea. Maji hayo huweza kula kingo na sakafu ya mkondo bila kuacha tope la kufidia. Zaidi ya hayo, katika miaka ambayo bwawa linameza mafuriko madogo, watu hushawishika kusogeza mashamba na hata nyumba chini zaidi, wakidhani mto umetulia. Na mwaka wa mvua nyingi ukifika, huwakuta mahali ambapo babu zao wasingejenga.

Delta ndiyo inayopokea haya yote mwishoni, na ina jambo lake la ziada. Mikoko ya Rufiji, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 50,000, ndiyo mikubwa kuliko mingine yote ya eneo moja katika pwani ya Afrika Mashariki, na ni makulio ya kamba na samaki wengi. Huko maji ya mto hukutana na bahari. Wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, mto humwaga bila kizuizi kikubwa, lakini wakati wa bamvua, inapojaa sana, bahari husukuma ndani, na mto uliojaa hurudishwa nyuma na kuongezeka kimo kijito kwa kijito. Kiasi kilekile cha maji kilichoachiwa kutoka juu kinaweza kupita salama wiki hii na kuzamisha mpunga wa delta wiki ijayo, tofauti ikiwa ni mwezi wa angani tu.

Kwa sababu hiyo tangazo la kwamba "wananchi wa mabondeni wachukue tahadhari" halimsaidii mtu. Anayeishi Mloka, mwendo mfupi chini ya bwawa, anahitaji kuambiwa maji yatapanda kwa kiasi gani na kufikia saa ngapi, akilinganisha na alama iliyopigwa kwenye nguzo au mti anaoujua. Anayeishi Muhoro anahitaji siku, apate muda wa kuvuna mahindi mabichi na kupandisha mbegu juu. Wa delta anahitaji tarehe ya kufika kwa maji, na bamvua atajipigia hesabu mwenyewe. Habari hizo zipo tayari, zimegawanyika kati ya wanaopima mvua, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iliyoko Iringa, na wanaoendesha milango ya bwawa. Zikiunganishwa katika ujumbe mmoja, ukasomwa redioni na msikitini na kupita kwenye simu ya mtendaji wa kijiji mara mto unapoanza kupanda Kilombero, mkulima wa Muhoro atapata siku kadhaa ambazo mwaka 2024 angezihitaji sana: siku za kukata mpunga uliokaribia kuiva, kuhamisha wazee, kufunga gunia la mbegu na kulipandisha dunguni.